BARUA YA KARANI: Kushindana kwa Miguu Bila Kukimbia

Msomaji mpenzi,

Juma hili naweka kando habari za mbegu na za karo, nikueleze habari za mchezo mmoja ambao wengi wakiusikia kwa mara ya kwanza hucheka. Ni mchezo wa kutembea. Si kukimbia, ni kutembea kwa miguu, na ndani ya kutembea huko kuna aina moja ambayo watu wawili, mwanamume na mwanamke, hupokezana njia, mmoja akipumzika na mwenzake akiendelea. Mshindi hupewa medali ya dhahabu kama yule aliyeruka juu au aliyetupa mkuki.

Najua utauliza, kutembea nako ni mchezo? Swali lako ni la haki. Sisi huku tunatembea kwenda kisimani, shambani, mnadani, zahanati, na siku ya Bwana tunatembea kwenda kanisani, wengine saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Hakuna anayetupigia makofi. Mzee mmoja nilipomdokezea habari hii alisema kwamba, ikiwa ni hivyo, basi mkewe anadaiwa medali za miaka arobaini, na riba juu yake. Nilishindwa kumjibu.

Hata hivyo subiri kidogo. Kutembea kunakoshindaniwa kuna sheria mbili, na sheria hizo ndizo zinazoufanya kuwa mchezo mgumu. Ya kwanza yasema kwamba mguu mmoja sharti uwe unagusa ardhi wakati wote, kadiri jicho la mwamuzi linavyoweza kuona. Anayekimbia huruka, kuna nukta ndogo ambapo miguu yote miwili iko hewani. Anayetembea haruhusiwi nukta hiyo. Ya pili yasema kwamba mguu unaotangulia, tangu unapogusa chini mpaka mwili usimame wima juu yake, goti lisikunjwe.

Jaribu mwenyewe uani, watoto wasikuone. Nyosha goti, kanyaga kwa kisigino, usiruke, halafu ongeza mwendo. Utaona kwamba njia pekee ya kurefusha hatua ni kuzungusha kiuno. Ndiyo maana watembeaji hawa huyumbisha nyonga kama bata anayewahi mtama, na ndiyo maana watu hucheka. Lakini acheke anayeweza kuwafuata. Mwanamume aliyeshinda kilomita 20 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Brian Daniel Pintado wa Ecuador, alitumia saa 1, dakika 18 na sekunde 55. Hesabu yake ni chini ya dakika 4 kwa kila kilomita. Vijana wetu wengi wanaojisifu kwa mpira hawawezi kukimbia mwendo huo hata kwa kilomita tatu, na yeye hakukimbia hata hatua moja. Ama tuseme, hakuna mwamuzi aliyemwona akikimbia vya kutosha kumwondoa.

Maana katika mchezo huu mwamuzi ni kila kitu. Waamuzi hupangwa kando ya njia, na kila mmoja huamua kwa jicho lake tu. Akiona mtembeaji yu karibu kuvunja sheria, humwonyesha kibao cha manjano: chenye mstari wa mawimbi ikiwa miguu inataka kuondoka chini, chenye alama ya pembe ikiwa goti linataka kukunjwa. Hilo ni onyo la upole, kama mwalimu anayegonga meza. Akiona sheria imevunjwa kweli, huandika kadi nyekundu, nayo hupelekwa kwa mwamuzi mkuu na kuandikwa ubaoni ili kila mtu aione. Mwamuzi mmoja hawezi kumpa mtembeaji yule yule kadi mbili. Basi kadi tatu ni macho ya watu watatu mbalimbali, wasioshauriana, waliokubaliana kwamba umekosa. Sheria hiyo naipenda sana. Laiti mabaraza yetu ya ugomvi wa mipaka yangekuwa na watu watatu wasioshauriana!

Sasa tuingie katika habari yenyewe ya kupokezana.

Kwa miaka mingi mwendo mrefu kabisa wa Olimpiki ulikuwa wa kutembea, kilomita 50, mrefu kuliko hata marathoni. Ulianza mwaka 1932 katika michezo ya Los Angeles, nao ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake hawakupewa kamwe kilomita 50 za Olimpiki. Mara ya mwisho uliendeshwa mwaka 2021, katika ile michezo ya Tokyo iliyocheleweshwa na ugonjwa. Baada ya hapo wakubwa wa michezo waliuondoa, wakaweka mahali pake mashindano mapya: urefu wa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, utembewe na timu ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

Utaratibu wake ni huu. Mwanamume huanza, hutembea kilomita kama 11, humgusa mwanamke katika eneo la kubadilishana, naye mwanamke huenda kilomita zake 10. Kisha mwanamume hurudi tena njiani, na mwanamke humalizia. Kila mmoja hutembea mara mbili. Ukiangalia upesi utadhani kupumzika ni faida. Kumbe ndiyo taabu yenyewe. Fikiria umelima kwa nguvu zako zote tangu alfajiri, halafu unaketi kivulini kwa zaidi ya dakika arobaini, jasho linakauka, misuli inapoa, kisha unaambiwa inuka ulime tena kwa nguvu zile zile tangu jembe la kwanza. Kila mkulima anajua jinsi kiuno kinavyojibu.

Kuna neno jingine lililo gumu kuliko hilo. Katika mwendo wa mtu mmoja, kadi zako ni zako. Katika kupokezana, kadi nyekundu za wote wawili huhesabiwa pamoja. Zikifika tatu, timu husimamishwa kando ya njia dakika tatu nzima huku wengine wakipita. Zikizidi, timu huweza kuondolewa kabisa. Basi mwanamume akianza kwa pupa, akarukaruka ili apate sekunde kumi za sifa, akarudi na kadi mbili, mkewake wa timu (nisameheni, si mke, ni mwenzake tu) huingia njiani akiwa amebeba kadi mbili asizozifanya. Anatembea kwa hofu. Hawezi kuthubutu kuongeza mwendo, maana kosa lake moja dogo litawafungia wote wawili njia. Na kinyume chake ni kweli vilevile: aliyetembea safi humwachia mwenzake njia pana.

Naona mama mmoja anatikisa kichwa anaposoma hapa. Mama, nimekuelewa.

Tarehe 7 Agosti 2024, asubuhi, timu 25 zilisimama mahali paitwapo Trocadéro mjini Paris, ng'ambo ya mto kutoka ule mnara mrefu wa chuma unaojulikana duniani kote. Njia yenyewe haikuwa ndefu. Ilikuwa mzunguko wa kilomita moja tu, wakaurudia na kuurudia. Kwa hiyo kila mtembeaji alipita mbele ya waamuzi wale wale mara nyingi. Hapakuwa na kichaka cha kujificha.

Ili uone utamu wa siku hiyo ni lazima ujue yaliyotokea juma moja kabla yake. Tarehe 1 Agosti, katika mwendo wa kilomita 20 wa wanaume, kila mtu peke yake, Pintado wa Ecuador alishinda. Wa pili alikuwa Caio Bonfim wa Brazil, sekunde 14 nyuma. Wa tatu Álvaro Martín wa Hispania, sekunde 2 tu nyuma ya huyo Mbrazili. Siku hiyo hiyo wanawake nao walitembea. Alishinda Yang Jiayu wa China. Wa pili María Pérez wa Hispania. Wa tatu Jemima Montag wa Australia, sekunde 6 nyuma ya Pérez.

Tazama sasa. Martín wa Hispania ameshindwa na Pintado wa Ecuador. Pérez wa Hispania amemshinda Montag wa Australia kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu. Baada ya siku sita wote wanakutana tena njiani, safari hii wakiwa wawili wawili. Pintado yuko na Glenda Morejón. Montag yuko na Rhydian Cowley. Martín yuko na María Pérez. Kila mmoja anamjua mwenzake alivyo, nguvu yake iko wapi na atachoka lini. Hawa si wageni. Hukutana mwaka baada ya mwaka katika miji ile ile, huamkiana, husubiri pamoja mwito wa kuanza, kisha huvuana pumzi.

Na hao wawili wa Hispania walikuwa na deni la zamani. Martín ni mtu wa Llerena, mji mdogo wa mkoa wa Extremadura. Pérez ni wa Orce, mji mdogo wa mkoa wa Granada. Katika michezo ya Tokyo mwaka 2021, kila mmoja katika kilomita 20 zake, Martín alikuwa wa nne. Pérez naye alikuwa wa nne. Unajua nafasi ya nne ni nini? Ni nafasi ya kuona mgongo wa mwenye medali. Mwaka uliofuata, 2022, Pérez aliondolewa njiani na waamuzi katika mashindano ya dunia. Mtu mwingine angelaumu waamuzi mpaka leo. Yeye alirudi kujifunza kukanyaga upya. Mwaka 2023, mjini Budapest, alishinda kilomita 20 na kilomita 35, na Martín naye akashinda zote mbili kwa upande wa wanaume. Dhahabu nne, watu wawili, juma moja. Hata hivyo ya Olimpiki walikuwa bado hawana.

Basi siku hiyo ya Agosti walitembea. Sitakusimulia kila mzunguko. Nakupa hesabu ya mwisho. Hispania, Martín na Pérez, walimaliza kwa saa 2, dakika 50 na sekunde 31. Ecuador, Pintado na Morejón, saa 2, dakika 51 na sekunde 22. Australia, Cowley na Montag, saa 2, dakika 51 na sekunde 38. Baada ya kilomita 42, kati ya wa kwanza na wa pili ni sekunde 51, na kati ya wa pili na wa tatu ni 16. Mwendo mrefu hivyo kuamuliwa kwa kipande kifupi hivyo ni kama kutoka kwenu hadi mjini, na atakayefika wa pili bado anamwona wa kwanza akifungua lango.

Usidhani kwamba walioshindwa walirudi nyumbani mikono mitupu kwa moyo pia. Huyo Pintado anatoka Cuenca, mji wa milimani huko Ecuador, na mji huo una historia yake katika mchezo huu. Ni mji wa Jefferson Pérez. Huyu ndiye aliyeipatia nchi yake medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, nayo ilikuwa ya dhahabu, katika kilomita 20 za kutembea huko Atlanta mwaka 1996. Watu wengi wakipata dhahabu hupanda gari wazi na kupunga mikono. Jefferson Pérez alikuwa na nadhiri. Aliporudi alianza safari ya hija kutoka kanisa la Wafransisko mjini Quito mpaka kwao Cuenca, zaidi ya kilomita 450, kwa miguu yake, akitembea na kukimbia. Wakristo wetu wanaokwenda hija kwa miguu wanajua maana yake ni nini kufika kilomita ya hamsini huku malengelenge yameshaanza kupasuka. Miaka 28 baadaye, kijana wa mji ule ule akaleta dhahabu nyingine ya mchezo ule ule, na siku sita tu baadaye akawa wa pili pamoja na dada wa nchi yake.

Na Montag wa Australia, aliyepata shaba mbili katika juma moja, hutembea akiwa amevaa bangili mkononi. Imetengenezwa kwa mkufu wa bibi yake, aliyeokoka katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mkufu ulikatwa, wajukuu wakagawana. Sina la kuongeza hapo.

Dada wa kwetu Afrika Mashariki naye amewahi kupanda jukwaa moja na Montag huyu. Ni Emily Wamusyi Ngii wa Kenya. Katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham mwaka 2022, mwendo wa mita 10,000 wa wanawake, Montag alikuwa wa kwanza, Priyanka Goswami wa India wa pili, na Ngii wa tatu. Miaka minne kabla yake, huko Gold Coast, Samuel Gathimba wa Kenya alipata shaba katika kilomita 20 za wanaume. Tunajua majina ya wakimbiaji wetu tangu tukiwa watoto. Ya watembeaji wetu hatuyajui. Waalimu wa michezo, andikeni majina hayo mawili kwenye ubao wa darasa.

Nataka sasa kukueleza jambo moja ambalo halikutokea katika kupokezana, lakini ndilo linaloonyesha watu hawa wanavyoshindana. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, katika zile kilomita 50 za wanaume, Mkanada Evan Dunfee na Mjapani Hirooki Arai walikuwa wakigombea nafasi ya tatu. Karibu na mwisho waligusana. Mjapani akamaliza wa tatu, Mkanada wa nne. Upande wa Kanada ulilalamika, Arai akaondolewa, na Dunfee akawa wa tatu. Wajapani wakakata rufani, Arai akarudishiwa nafasi yake. Bado kulikuwa na mlango mmoja wa kwenda mahakama ya michezo, na Dunfee alishauriwa kwamba anaweza kuufuata. Alikataa. Alitazama yaliyotokea njiani akaona kwamba kugusana huko ni jambo la kawaida la watu waliochoka, akaacha medali iende kwa mwenzake. Kwa hiyo akawa wa nne.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa wengine watasema karani anahubiri. Dunfee hakuacha kushindana. Mwaka 2021, katika kilomita 50 za mwisho za Olimpiki, alipata shaba yake. Mwaka 2025 huko Tokyo akawa bingwa wa dunia wa kilomita 35, naye alikuwa na umri wa miaka karibu 35. Katika mwendo huo huo wa pili alikuwa Caio Bonfim, yule Mbrazili wa Paris. Na siku chache baadaye Bonfim akashinda kilomita 20. Miaka yote hiyo wamekuwa wakipeana migongo kwa zamu, leo wewe mbele, kesho mimi. Nadhani ndiyo sababu hawachukiani. Mtu anayetembea saa nzima bega kwa bega nawe, akisikia pumzi yako, anakujua kuliko jirani yako. Na bila yeye usingefika kwa saa uliyofika.

Kwetu namna gani? Mimi nimeshuhudia mechi ya mpira ya sikukuu kati ya vigango viwili, majina yao nayaficha, iliyoanza kwa sala na kumalizika kwa mawe. Mwezi mzima wanakwaya wa pande hizo mbili hawakukaa benchi moja. Mpira ni mzuri, siusemi vibaya. Lakini mpira wetu wa vijijini ni wa vijana ishirini na wawili wa kiume. Mama zao, dada zao na baba zao husimama pembeni, na anayesimama pembeni hana la kufanya ila kupiga kelele, na kelele ndiyo mama wa mawe. Mwamuzi ni mmoja tu, tena mara nyingi ni binamu ya mtu.

Kutembea kwa kupokezana kungetufaa, na vifaa vyake hata maskini anavyo. Timu ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kaka na dada, mtu na mkewe, mwalimu na mpishi wa shule. Mtu wa miaka hamsini anaweza kabisa. Pimeni nusu kilomita ya barabara iliyo sawa, kutoka kanisani mpaka dukani mathalani. Kwenda na kurudi ni kilomita moja. Kila mtu atembee kilomita tatu, ampokeze mwenzake, kisha arudie. Jumla ni kilomita 12 kwa timu. Kwa mwendo wa haraka wa mtu wa kawaida, kilomita moja ni kama dakika tisa au kumi, kwa hiyo yote yatakwisha kwa muda wa saa mbili. Anzeni alfajiri kabla jua halijawa kali, na pawe na mtungi wa maji mahali pa kubadilishana. Asiyejisikia vizuri asilazimishwe na mtu yeyote, hata kama kigango kinamtegemea.

Waamuzi ndio kazi. Wawe watano, nao watoke vigango mbalimbali, wasimame mbali mbali njiani, wala wasiitane kushauriana. Akina bibi hufaa sana kwa kazi hii. Hakuna jicho kali kama la bibi anayetazama mjukuu anayedai kwamba hakukimbia. Kadi za timu zihesabiwe pamoja, kama walivyofanya Paris. Zikifika tatu, timu isimame kando dakika moja huku watoto wakihesabu kwa sauti mpaka sitini. Hiyo dakika moja, nawahakikishia, itakuwa ndefu kuliko mahubiri yoyote mliyowahi kusikiliza.

Mtu atauliza, na kama timu yetu ikionewa? Inawezekana. Hata Paris hakuna aliyeahidi kwamba jicho halikosei. Zikitazamwa picha za kamera zinazopunguza mwendo, watembeaji wakubwa wengi huonekana wakipoteza ardhi kwa nukta isiyoonekana kwa macho. Sheria yao inalijua jambo hilo. Inataka jicho la mwanadamu, si la mashine, na wote wanaingia njiani wakiwa wamekubali hivyo. Ninyi nanyi kubalianeni kabla ya kuanza, mbele ya watu wote, siyo baada ya kadi ya tatu.

Nimeulizwa na katekista mmoja kama mashindano haya ya wawili wawili bado yapo katika Olimpiki. Kwa bahati mbaya, hapana. Orodha ya michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028 ilipotolewa mwaka 2025, kupokezana kwa kutembea hakukuwamo. Wameongeza mbio za kupokezana za mita 100 mara nne za wanaume na wanawake pamoja. Kutembea kumebaki, kila mtu peke yake, kwa urefu wa nusu marathoni. Basi Martín na Pérez ndio mabingwa wa Olimpiki wa kwanza wa mwendo huo, na kwa sasa ndio pekee. Martín alitangaza kuacha mashindano Oktoba 2024, miezi miwili tu baada ya Paris. Pérez aliendelea, mwaka 2025 huko Tokyo alishinda tena kilomita 20 na kilomita 35 za dunia.

Mimi naona wakubwa hao wamekosea kuuondoa, lakini mimi ni karani wa parokia na hawakuniuliza. Wakiuacha wao, hakuna anayetuzuia sisi kuuokota.

Kwa hiyo vigango vitakavyotaka kujaribu baada ya mavuno, leteni majina ofisini kwangu siku za Jumanne na Alhamisi, asubuhi, timu mbili kwa kila kigango, na jina la mwamuzi mmoja aliyekwisha kukubali kwa kinywa chake mwenyewe. Saa ya mkononi nitaazima kwa mwalimu mkuu. Kadi zikatwe kutoka maboksi ya sabuni. Rangi nyekundu ikikosekana, chora msalaba kwa mkaa, na uwe mkubwa wa kuonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Wako katika kazi,
Karani wa Parokia